Kupima sayansi kwa vitendo: mwongozo kamili kwa mwalimu wa shule ya msingi

Mwulize mwanafunzi wa darasa la nne mbegu inahitaji nini ili iote. Atakujibu kabla hujamaliza swali: maji, hewa na joto. Jibu ni sahihi, na alama atapata. Sasa mpe maharage, pamba na makopo mawili matupu, umwambie akuoneshe kama mbegu inahitaji mwanga au haihitaji. Mmoja ataweka maharage yote kwenye kopo moja, atamwaga maji, atakaa kusubiri. Mwingine ataweka kopo moja juani likiwa na maji, na jingine kabatini likiwa kavu. Wa tatu atakuambia hakuna haja ya kujaribu kwa kuwa mwalimu alishasema. Na wote watatu wana tiki nyekundu kwenye daftari.

Mwongozo huu ni wa kupima kile ambacho tiki ile haikioni: kama mtoto anaweza kupanga jaribio, kukusanya ushahidi na kusema jambo ambalo ushahidi wake unalibeba. Nimeuandika nikifikiria darasa la tatu hadi la saba katika shule ya kawaida ya serikali Tanzania, yenye wanafunzi wengi, kipindi cha dakika 40 na kabati la maabara ambalo halipo. Mfano mkuu ni uotaji wa maharage, kwa sababu mada hiyo kila mwalimu anaifundisha na kila duka lina maharage.

Wazo lenyewe si geni huku kwetu. Katika miaka ya 1960 nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, ziliingia katika programu ya sayansi ya shule za msingi iliyofundisha kwa vitu vya kawaida, kama mbegu, wadudu, maji na udongo. Eleanor Duckworth, aliyetathmini programu hiyo nchini Kenya, hakutunga mtihani wa kuandika. Aliweka vitu mbalimbali chumbani, akaingiza watoto, akawaacha wafanye watakavyo, naye akatazama wanabuni mambo mangapi tofauti na yana kina gani. Waliopitia programu walifanya mambo mengi zaidi, na yenye kina zaidi, kuliko wenzao ambao hawakuipitia. Mwaka 1995 utafiti wa kimataifa wa hisabati na sayansi uitwao TIMSS nao uliwapa baadhi ya wanafunzi wa darasa la nne na la nane kazi za mikono. Katika kazi mojawapo mtoto alipewa tochi na betri kadhaa, nyingine zimekwisha, atafute zipi nzima.

Kwa mwalimu mwenye darasa kubwa, matokeo yenye faida zaidi yalitoka California mwanzoni mwa miaka ya 1990. Richard Shavelson, Gail Baxter na wenzao waliwapima watoto wa shule za msingi kwa kazi kama kutafuta karatasi ipi ya kufutia inanyonya maji mengi zaidi. Waliona mawili. Kwanza, kusoma daftari ambalo mtoto aliandika akiwa anafanya jaribio kulitoa picha iliyokaribia ile ya kumsimamia na kumtazama. Pili, aliyefanya vizuri jaribio moja hakuwa lazima afanye vizuri la pili. La kwanza linakuokoa, maana huwezi kuwatazama watoto 80 kwa wakati mmoja. La pili linakuzuia kumhukumu mtoto kwa kazi moja. Nitayarudia yote mawili huko mbele.

Hatua ya 1: Chagua swali ambalo jibu lake halijaandikwa ubaoni

Swali zuri la kupimia lina sifa tatu. Mtoto anaweza kulijibu kwa mikono yake, linaisha ndani ya muda ulio nao, na hawezi kulijibu kwa kukumbuka notisi tu. "Taja mahitaji ya uotaji" halifai. "Je, maharage yanahitaji mwanga ili yaote?" linafaa sana, kwa sababu watoto wengi huamini kwamba yanahitaji. Wanaona mimea shambani inapenda jua, wanachanganya kuota na kukua. "Je, yanahitaji udongo?" nalo linafaa kwa sababu hiyohiyo.

Usichukue swali ambalo matokeo yake yanakutegemea wewe. Jaribio la mbegu bila hewa, lile la maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta ya kula, ni zuri kuonesha, lakini kwa kupimia lina shida: mwalimu ndiye anayechemsha, anayepoza na anayemwaga mafuta. Mtoto amebaki mtazamaji, na mtazamaji hana la kupimwa zaidi ya kumbukumbu yake.

Hatua ya 2: Andika vigezo kabla hujagusa kopo

Hapa ndipo kazi nyingi za vitendo zinapoharibikia. Mwalimu anaandaa jaribio zuri, watoto wanalifurahia, kisha anakusanya madaftari na kujikuta anasahihisha mwandiko, mchoro na usafi. Mtoto mwenye rula na penseli za rangi anapata 9, aliyefikiri sana kwa kalamu inayovuja anapata 5.

Vigezo vitatu vinatosha. Kuna fomu zenye vigezo 10 na zaidi, nazo hujazwa ofisini jioni kwa kukisia. Kila kimoja kati ya hivi kipe alama 0 hadi 3.

Cha kwanza ni kupanga: je, mtoto amebadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine sawa? Anapata 3 akiwa amebadilisha mwanga peke yake, na anaweza kutaja vitu ambavyo ameviacha sawa, yaani idadi ya mbegu, kiasi cha maji, aina ya kopo. Anapata 2 akiwa amefanya hivyo lakini hawezi kueleza kwa nini. 1 ni pale alipobadilisha vitu viwili kwa pamoja, kama yule wa kopo kavu la kabatini. 0 ni pale ambapo hakuna cha kulinganisha, kopo ni moja.

Cha pili ni kupima na kurekodi. 3 ni kwa namba zilizoandikwa siku zilipohesabiwa, zenye tarehe na jedwali linalosomeka hata na mtu ambaye hakuwepo. Jedwali la mistari iliyochorwa kwa mkono ni jedwali. 2 ni kwa namba zenye mapengo, mfano siku moja imesahaulika. 1 ni kwa maneno yasiyo na namba: "zimeota nyingi". 0 ni kwa ukurasa mtupu, au namba zilizonakiliwa kutoka kundi jingine.

Cha tatu ni kuhitimisha, na hiki ndicho chenye utamu. Tazama sentensi hizi nne, za aina utakayokutana nayo:

"Kwenye mwanga yameota 9 kati ya 10, kwenye giza 8 kati ya 10. Tofauti ni ndogo. Nadhani maharage hayahitaji mwanga ili yaote." Hiyo ni 3. Kuna dai, kuna namba, na kuna sababu inayounganisha viwili hivyo.

"Maharage hayahitaji mwanga kwa sababu yameota kote." Hiyo ni 2. Ushahidi upo lakini hauna namba.

"Maharage hayahitaji mwanga." Hiyo ni 1. Dai ni sahihi, ila hatujui limetoka wapi. Huenda limetoka kwa dada yake wa kidato cha kwanza.

"Mbegu inahitaji maji, hewa na joto." Hiyo ni 0, japo kila neno ni kweli. Haijibu swali lililoulizwa.

Kisha utakutana na yule aliyeandika: "Maharage yanahitaji mwanga, kwa sababu kwenye mwanga yameota 9 na kwenye giza 8." Walimu wengi wangempa sifuri kwa kuwa jibu si sahihi. Mimi ningempa 2. Ametumia namba zake mwenyewe. Alichokosa ni kuona kwamba mbegu moja inaweza kukataa kuota kwa sababu zake. Hilo ni somo la kesho, na umelipata bure.

Walimu wa Kenya wamezoea ngazi za mtaala wao wa umilisi: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Ngazi nne hapo juu zinaingia humo bila shida. Jambo la muhimu ni kila ngazi iwe na mfano wa sentensi au kitendo. "Ameelewa vizuri kiasi" si ngazi, kila mwalimu ataisoma anavyotaka.

Ukiweza, mpe mwenzako wa darasa la jirani madaftari matano ayasahihishe kwa vigezo vyako bila kuona alama zako. Mkipishana kwa alama zaidi ya moja, maelezo ya ngazi zako bado yana ukungu. Yaandike upya.

Hatua ya 3: Vifaa na makundi

Kwa darasa la wanafunzi 80, panga makundi 16 ya watoto watano. Kila kundi linahitaji makopo mawili na maharage 20, yaani maharage 320 kwa darasa zima. Robo kilo inatosha na inabaki. Makopo ya nyanya au chupa za maji zilizokatwa zinafaa, mradi kingo zisikate vidole. Badala ya pamba unaweza kutumia kitambaa kikuukuu au karatasi laini.

Nunua maharage ya kula. Mbegu za kupanda zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo mara nyingi zimepakwa dawa, utaziona kwa rangi yake ya waridi, nyekundu au kijani. Hizo zisiguswe na watoto. Toa pia yaliyobunguliwa na yaliyopasuka, maana yakikataa kuota hutajua sababu ni giza au ni mdudu. Yaliyokaa ghalani miaka mingi nayo huota vibaya, kwa hiyo jaribu machache nyumbani wiki moja kabla.

Ratiba nzuri ni ya wiki moja ya shule. Loweka maharage Jumapili jioni. Jumatatu kundi linapanga makopo yake. Kuanzia Jumatano hadi Ijumaa linahesabu kila siku, dakika tano tu mwanzoni mwa kipindi. Kwenye joto la Dar es Salaam au Tanga mzizi hutokeza ndani ya siku mbili hadi nne. Kwenye baridi ya Makete au Njombe mwezi Juni unaweza kusubiri wiki nzima, basi anza Alhamisi ya wiki iliyotangulia.

Mambo mawili yakubaliwe na darasa zima kabla ya kuanza. La kwanza ni maana ya "imeota": mzizi umetoka nje ya ganda na unaonekana kwa macho. Bila makubaliano hayo kundi moja litahesabu mbegu zilizovimba na jingine litasubiri majani. La pili ni kwamba kopo la mwanga halikai juani. Likae kivulini karibu na dirisha. Jua la mchana hupasha kopo joto na kukausha pamba, na hapo mtoto amebadilisha vitu vitatu akidhani amebadilisha kimoja. Lakini angalia: jambo hili la pili ukilisema wewe, umewapunguzia nafasi ya kulifikiri wenyewe. Darasa la tatu na la nne nawaambia. Darasa la sita nanyamaza, natazama nani ataliona.

Hatua ya 4: Ubashiri, kila mtu peke yake

Kabla makundi hayajakaa pamoja, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari lake anadhani nini kitatokea na kwa nini. Kwa kalamu ya wino, bila kufuta, dakika tano. Ubashiri hauna alama. Waambie hivyo waziwazi, la sivyo watakaa wakisubiri kuchungulia kwa yule anayejua.

Ubashiri unakupa ushahidi wa mtoto alipoanzia. Aliyeandika "gizani hazitaota kwa sababu mmea hula mwanga", kisha Ijumaa akaandika "nimeshangaa, zimeota 8", amesafiri mbali kuliko aliyekuwa na jibu sahihi tangu Jumatatu. Ukisahihisha mwisho tu huwezi kumwona.

Hatua ya 5: Wakati wa kazi, tazama wachache na uliza vizuri

Usijaribu kumtazama kila mtu. Chagua watoto wanane kwa kipindi, andika majina yao kwenye kadi mfukoni, wazungukie hao. Kwenye vipindi vinavyofuata chukua wengine. Mpaka mwisho wa muhula utakuwa umemtazama kila mmoja angalau mara moja, na kwa wengine siku hiyo utategemea daftari. Alama za mkato zinatosha: P kwa kupanga, R kwa kurekodi, H kwa kuhitimisha, na namba mbele yake. Weka M pale ulipomsaidia. Mtoto aliyepata P3 baada ya wewe kumwelekeza hajapata P3 sawa na aliyefika peke yake, na Desemba hutakumbuka tofauti hiyo.

Katika kila kundi la watano kuna mmoja anayefanya, mmoja anayeandika na watatu wanaotazama dirishani. Wape kazi zenye majina, mpimaji wa maji, mhesabu, mwandishi, mtunza kopo, msemaji, na zibadilike kila siku. Angalia pia desturi inayojipenyeza yenyewe: wavulana wanashika vifaa, wasichana wanaandika kwa sababu "wana mwandiko mzuri". Ukiiacha, utampima msichana kwa jaribio ambalo hakuligusa.

Maswali yako ndiyo kipimo chenyewe. Haya yanafungua mdomo wa mtoto: "Umejuaje?" "Kwa nini makopo yote mawili umeyapa vijiko viwili?" "Kama mwanga ungekuwa wa lazima, Ijumaa ungeona nini?" "Mtu akisema umekosea, utamwonesha nini?" Swali lile la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Anayeweza kusema ni matokeo gani yangemfanya abadili mawazo ameshaelewa jaribio ni la nini.

Haya yanaufunga: "Si mnaona zimeota zote?" "Kwa hiyo mwanga hauhitajiki, sivyo?" Darasa zima litaitikia "ndiyooo", nawe utarudi ofisini ukiwa umejipima mwenyewe. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kuongeza neno. Watoto wetu wengi wamezoeshwa kwamba kimya cha mwalimu maana yake wamekosea, kwa hiyo mwanzoni watabadilisha jibu kila ukinyamaza. Jibu lililo sahihi nalo liulize "umejuaje", mpaka waone kwamba swali hilo si adhabu.

Hatua ya 6: Daftari, na namba ambazo hazikupendeza

Daftari la uchunguzi liandikwe kazi inapofanyika. Ukiwaruhusu "waandike vizuri nyumbani", utapokea madaftari safi yanayofanana, na ushahidi umepotea njiani. Madoa ya maji na namba iliyokatwa ikaandikwa upya pembeni ni dalili njema.

Kuna jambo moja ambalo mwalimu asipolisimamia, kipimo chote kinakufa. Kundi fulani litapata matokeo mabaya. Kopo la giza litafunikwa sana, maji yatazidi, maharage yataoza, na Ijumaa zimeota 2 kati ya 10. Jirani zao wana 9. Watoto wale watakutazama usoni. Ukikunja uso, au ukisema "kundi hili limekosea", wiki ijayo hutaona tena namba mbaya darasani kwako. Utaona 9 na 10 tupu, zilizoandikwa Alhamisi usiku.

Kundi lililoandika 2 na kuhitimisha kwamba mwanga unahitajika, kwa mujibu wa ushahidi wake, lipewe alama zake za kuhitimisha. Lililoandika "zimeota 2, lakini kopo lilikuwa na maji mengi na lilinuka, tungependa kurudia" lipewe alama zote tatu na lisomwe mbele ya darasa. Lililobadili 2 kuwa 8 lipate sifuri ya kurekodi, na lijue sababu. Kisha weka namba za makundi yote 16 ubaoni, jumlisha. Mbegu 160 za mwanga na 160 za giza zinasema kitu ambacho mbegu 10 haziwezi, na makopo mawili yaliyooza hayawezi kuyapindua. Darasa la tano na kuendelea watoe asilimia. Hapo hisabati nayo umeipima.

Makopo yakibaki wiki ya pili, mtego mwingine unajitokeza. Miche ya gizani inarefuka kuliko ya kwenye mwanga, ikiwa na rangi ya njano iliyopauka. Watoto watasema giza ni bora. Waulize wanapima kuota au kukua, na urefu ni dalili ya afya kila mara? Sikushauri utoe alama hapa. Sikiliza tu, na andika nani amesema nini.

Mikono inaoshwa kila baada ya kugusa makopo, na maharage ya jaribio hayaliwi wala hayarudi jikoni.

Hatua ya 7: Kazi ya mtu mmoja mmoja

Kazi ya kundi haikuambii nini kiko kichwani mwa kila mtoto. Siku ya mwisho wape wote karatasi moja, au andika ubaoni, dakika 15, bila kuongea:

"Wanafunzi wa shule nyingine walitaka kujua kama mbegu za mahindi zinahitaji mwanga ili ziote. Waliweka mbegu 10 kwenye kopo A, wakalimwagilia kila siku, wakaliweka dirishani. Waliweka mbegu 10 kwenye kopo B, wakalifungia kabatini, wakafungua baada ya siku tano. Kopo A ziliota 9. Kopo B haikuota hata moja. Walihitimisha kwamba mahindi yanahitaji mwanga. Je, unakubaliana nao? Eleza. Ungefanya nini tofauti?"

Mtoto anayeona kwamba kopo B halikumwagiliwa, na anayependekeza kumwagilia yote sawa, anapata 3. Anayeona kasoro bila kupendekeza marekebisho anapata 2. Anayesema "sikubaliani kwa sababu sisi zetu ziliota gizani" anapata 1. Ana kumbukumbu ya matokeo yake, ila hajalichunguza jaribio la wenzake, na isitoshe yale yalikuwa maharage. Anayekubali tu anapata 0.

Ukijumlisha na vile vigezo vitatu, una alama 12. Mtaaluma akitaka asilimia, 9 kati ya 12 ni 75.

Kuna watoto ambao kalamu inawasaliti. Katika vijiji ambako Kiswahili ni lugha ya pili, mtoto wa darasa la tatu anaweza kufikiri vizuri kwa Kisukuma au Kimaasai na kuandika mstari mmoja tu. Mwache achore makopo mawili na aoneshe kwa mishale nini ni sawa na nini ni tofauti, au akueleze kwa mdomo, nawe uandike maneno yake yalivyo. Asiyeona vizuri ahesabu mizizi kwa kugusa. Unapima sayansi, insha ina kipindi chake.

Hatua ya 8: Soma matokeo kwa safu, kisha rudia kwa jaribio jingine

Weka alama kwenye jedwali: majina upande mmoja, vigezo juu. Usijumlishe kwanza. Soma kila kigezo kutoka juu hadi chini. Kama darasa zima lina R3 lakini H1, watoto wako wanajua kuhesabu ila hawajui kutumia walichohesabu. Kurudia somo la uotaji hakutawasaidia. Wape kipindi kimoja cha kuandika hitimisho kutoka kwenye majedwali uliyotunga wewe. Kama tatizo ni P1, watoto wanabadilisha vitu viwili kwa pamoja, basi wanahitaji jaribio fupi la kupanga upya, na hapo kukauka kwa maji kunafaa: mililita 20 kwenye sahani, mililita 20 kwenye kikombe, zilizopimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yote kivulini, ipi itakauka kwanza? Kabla ya kugusa maji waandike nini kinabadilika na nini kinabaki.

Kwa mzazi, andika sentensi badala ya namba peke yake. "Anapima kwa uangalifu na haongopi kuhusu matokeo; bado anahitaji kujifunza kubadilisha kitu kimoja kwa wakati" inamwambia mama jambo ambalo 67% haisemi.

Na kwa kuwa jaribio moja halitoshi kumjua mtoto, panga la pili kabla muhula haujaisha, la mada tofauti kabisa. Betri na tochi linafaa darasa la nne na la tano: betri nne, mbili zimekwisha, tochi ya betri mbili, tafuta nzima na uandike kila jozi uliyojaribu. Kwa darasa la sita na la saba napendelea jiwe na uzi. Funga jiwe kwenye uzi, lining'inize mlangoni, livute kidogo pembeni, liachie, pima muda wa kwenda na kurudi mara 10 kwa saa ya simu. Swali: nini kinabadilisha muda huo, uzito wa jiwe au urefu wa uzi? Karibu darasa zima litabashiri uzito. Uzi wa sentimita 25, kuanzia ulipofungwa mpaka katikati ya jiwe, utatoa takriban sekunde 10. Uzi wa mita moja utatoa takriban 20, na jiwe zito likiwekwa mahali pa jepesi namba hizo hazitabadilika kwa kiasi cha kuonekana.

Vigezo ni vilevile vitatu. Ila kwenye kurekodi ongeza macho: mkono wa mtoto kwenye kitufe cha saa hauwezi kutoa jibu lilelile kila mara. Kundi lenye 9.8, 10.3 na 10.1 limepima. Kundi lenye 10.0 mara tatu mfululizo, kaa nalo, na uliombe lipime tena ukiwepo.